Marehemu Walio Kando ya Ukurasa

Ukifiwa hapa mtaani kwetu Kondele, kabla hujamaliza kulia utaambiwa uende kwa Beldina. Ndiye anayepanga vijitabu vya mazishi kwenye kompyuta. Mimi nashona sare kibanda cha pili, na humtania kwamba ana haraka kuliko wachimba kaburi.

Tatizo lake ni moja: haanzi ukurasa mpya. Hufungua faili la marehemu wa juzi kwenye Publisher, programu yake ya kupangia kurasa, akabadilisha jina na maneno, akaingiza picha ya leo, kisha akahifadhi juu ya lile la zamani. Nimemwambia aweke nakala mpaka nimechoka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Basi akaja Mzee Oyugi wa Nyamasaria. Mafuriko yalikuwa yameingia kwake yakabeba kila picha ya marehemu mkewe, Adero, na hata kijitabu cha mazishi yake alichokipanga Beldina.

"Nyathina," alimwambia Beldina, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "uso yake imeanza kunipotea. Nikifunga macho, siioni. Bado uko na yeye kwa hiyo kompyuta?"

Beldina akainamisha kichwa. Nikajua yamekwisha. PDF iliyokwenda kwa mchapaji ilishafutwa, na faili lenyewe sasa lilikuwa la marehemu mwingine, mwalimu mmoja wa Kisian. Nilitaka kumgombeza, lakini nilimwonea huruma yule mzee, nikamsogezea kiti.

"Ngoja kidogo, Mzee."

Beldina alifungua faili, akaupunguza ukurasa kwenye skrini mpaka ukabaki mdogo kama stempu. Pembeni yake, mahali ambapo hapachapwi, zikatokea sura za watu, zimesongamana.

"Hii kitu ya kufuta, mimi siwezi bonyeza juu ya mtu amekufa," alisema kwa haya. "Huwa nawasukuma tu kando."

Adero alikuwa hapo katikati ya mchungaji na bibi mwenye miwani, na kitambaa chake cha kijani, anacheka. Mzee aliigusa skrini kwa kidole. Nililia, sikujali nani ananiona.

"Nikuchapie yeye peke yake?" Beldina akauliza.

Mzee alikuwa akizitazama zile sura nyingine, moja baada ya nyingine.

"Chapa na hao wenzake," akasema. "Mimi nilikuwa nafikiria yuko peke yake."