Kisogo cha Bi Winni

Usiku ule nililala na udongo kwenye kucha, maana nilichoka hadi kunawa vizuri kulinishinda. Kichwa cha Bi Winni nilikiacha uani juu ya ubao, nimekifunika kitambaa kilicholowa, na kando yake mama alikwisha kupanga kuni za mkaratusi na majani makavu ya migomba. Kukicha tuchome. Jumapili kiingie kwenye shubaka la ukutani pale maktaba, ile maktaba ndogo aliyotuachia mwenyewe, na watu wote wa mtaa wamealikwa. Wingu lilikuwa limeshashuka hadi nusu ya mlima. Mama alisema tusipochoma kesho, mvua zikishaanza ndiyo basi, tutakaa na kichwa kibichi mpaka zikatike.

Kwa asiyemjua, Bi Winni alikuwa Mwingereza, fundi wa kufinyanga vichwa vya watu. Anachukua bonge la udongo, analikandakanda, anakuangalia, na baada ya siku kadhaa lile bonge nalo linakuangalia, na ni wewe. Kwao alikuwa na jina kubwa. Mahakimu na matajiri walimfuata awafinyange, kisha vichwa vyao vikamiminwa shaba. Huku kwetu Usambara aliitwa kumfinyanga bwana mmoja mkubwa wa zamani hizo, na yule bwana akahamishwa kabla hata hajakaa kitini. Bi Winni akabaki na udongo mkononi. Akageuka, akamwona Mzee Hoza, mshona viatu, amekaa barazani na kipara chake kinang'aa. Akamfinyanga yeye. Basi hakurudi tena kwao. Alikaa hapa mpaka nywele zikawa pamba, na leo sidhani kama kuna nyumba mtaani kwetu isiyo na kichwa cha mtu wake juu ya kabati.

Mama yangu ndiye aliyemfundisha kuchoma. Kwetu vyungu ni kazi ya wanawake, na vichwa vya kwanza vya Bi Winni vilikuwa vikilipuka motoni kama bisi, kwa kuwa alivijaza udongo tele. Mama akamwambia atoe udongo wa ndani, kichwa hakitaki kushiba. Bi Winni alicheka mpaka akakaa chini. Wakawa marafiki tangu siku hiyo, na mimi nilipokua akanichukua nijifunze kwake, na alipougua ni sisi tuliomuuguza.

Alikuwa na mtindo mmoja uliowachekesha watu. Hakuanza na uso. Ukienda kufinyangwa anakukalisha umeelekea ukuta, naye yuko nyuma yako anahangaika na kisogo, leo hivyo, kesho hivyo, wewe unasikia pumzi zake tu. Watu wakikutana njiani wanataniana: vipi, umeshageuzwa? Bado, angali ananisoma kwa nyuma.

Sasa mimi kichwa chake nilikifanya kwa picha. Picha yenyewe ni ya mbele, anacheka. Uso ukatoka mzuri, kila aliyepita uani akasema ni yeye huyu, na siku hizo nilitembea kama niliyevaa viatu vipya. Nyuma nilipokata kwa waya ili nitoe udongo wa ndani sikurudisha kitu. Nikapaacha wazi, shimo, kama chungu kilichomeguka. Nilijiambia kitaegemea ukuta, nani atachungulia?

Nikalala.

Nikawa uani. Jua la asubuhi, mwanga mtupu usio na joto. Vichwa vyote vya mtaa vimetolewa makabatini vimeanikwa kwenye majamvi kama mahindi, na kila ninachokipita kinageuka kutazama ukuta. Nakigeuza, kinarudi. Nashika hiki, kile kinazunguka. Na moyo unanienda mbio kwa sababu najua kuna mgeni yuko njiani na mimi sijafagia, na ufagio niliokuwa nao mkononi umekuwa kijiko.

Ndipo akaja Bi Winni. Viatu vyake vya mpira, sweta lake la kijani lililotoboka kiwiko. Nilijua kwamba amekufa. Nilikumbuka kabisa tulivyomzika, nikaona si adabu kumkumbusha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti yake ileile yenye kikohozi ndani. Lakini mkono mmoja ameuweka nyuma ya kichwa, amekishika kisogo kama mtu ambaye kilemba chake kinataka kuanguka.

"Dija," akasema, "mbona kuna upepo?"

Nikamwambia hakuna. Na kweli, hata jani la mgomba halikutikisika. Akanitazama kama ananihurumia, halafu akaanza kuondoka, na aliondoka kinyumenyume. Uso kwangu, mgongo kwenye njia.

Nikamfuata. Tunateremka njia ya machimbo ya udongo, ile yenye mawe, ambayo hata mbuzi huipita kwa adabu, naye anaipita kinyumenyume bila kujikwaa. Nikiongeza mwendo, naye anaongeza. Nikitaka kumzunguka kwa kulia, uso uko kulia. Nikienda kushoto, uso umeshafika. Ule uso wangu, nilioufinyanga mimi, unacheka vilevile kama kwenye picha, na macho hayacheki hata kidogo. Nikaogopa. Sikumwogopa yeye, niliogopa kile kicheko nilichomvalisha, hawezi kukivua.

Kwetu mtu hateremki machimboni akiwa na kinyongo. Kama umegombana na mwenzio, mnapatana kwanza juu, ndipo mchimbe, la sivyo vyungu vyote hupasuka. Bi Winni alilijua hilo, alilishika kuliko sisi. Akasimama ukingoni, hashuki. Nikamuuliza tumekosana nini, sauti haikutoka. Nikakanyaga udongo nishuke peke yangu, na udongo ukawa sakafu ya mbao.

Ni chumba kikubwa, baridi, mvua inapiga vioo. Ni kwao, nilijua tu, mambo ya ndoto hayaulizwi. Vichwa vya shaba vimepangwa pande zote, wazee wakubwa wa mahakama, wamevaa yale manywele ya bandia ya singa za farasi. Bi Winni anapita katikati yao kinyumenyume huku ananisimulia, na ni yale aliyokuwa akinisimulia tukikanda udongo. Kwamba baba yake alikuwa mchonga mawe ya makaburi. Kwamba yeye alianza kwa kufuatisha herufi za majina ya watu kwa kidole. Kwamba alifinyanga mahakimu miaka na miaka, wote na manywele yao, na hakupata kujua hata siku moja chini ya zile singa kuna kichwa cha namna gani. Wanalipa, wanashukuru, wanaondoka na sura zao. Mpaka alipofika huku akaona kipara cha mshona viatu. Aliniambia siku ile alikaa nyuma ya Mzee Hoza akalia kimyakimya, na Mzee Hoza akadhani mzungu ana mafua.

Na kweli Mzee Hoza mwenyewe yuko pale. Amekaa katikati ya mahakimu, kiatu magotini, anavuta uzi. Amekufa kabla ya Bi Winni, tangu mimi niko darasa la nne. Aliniona akatabasamu, maana yeye siku zote alinitania kwamba mimi ni mke wake.

"Mke wangu umechelewa," akasema. "Mwenzetu huyu tangu aje halali."

Nikamuuliza ana nini, anaumwa wapi. Mzee Hoza akauma uzi akaukata kwa meno, hana haraka, kama alivyokuwa. Akaniambia hapo wanapoishi wote wamelala vizuri, hata yeye na pua ile kubwa aliyofinyangiwa, pua iliyomzidi hata mwenye pua. Bi Winni tu ndiye anazunguka. Anakaa, anasimama, anashika kichwa, anauliza upepo.

"Atalalaje?" akasema. "Mtu hulalia kisogo."

Mahakimu wote wakageuka ukutani kwa pamoja, na shaba ikalia kama sufuria zilizogongana. Nikakimbia. Nakimbilia wapi sijui, milango inafunguka yenyewe, na kila mlango ninaopita ni ule wa chumba chake cha mwisho, hapa kwetu, na kitanda kile, na dirisha lile linalotazama mikaratusi. Amekaa ukingoni mwa kitanda, wima, hajaegemea. Nikataka kumzunguka. Akageuka. Nikazunguka tena, akageuka tena. Tunazungukana kama kuku wawili, mimi nalia na kicheko kinanijia, kwa sababu hata yeye angeona angecheka, angesema tuone nani atachoka.

Nikachoka mimi. Nikapiga magoti. Nikamwambia Bi Winni nisamehe, picha haikuwa na nyuma. Sikujua pakoje. Wewe uliwasoma watu wote kisogo, na wewe hakuna aliyekukalisha ukutani akakusoma. Sasa nitakitoa wapi?

Ule uso wa picha ukaanza kuchoka, kicheko kikashuka kidogokidogo kama udongo laini unavyoshuka, na chini yake akawa Bi Winni wa siku za mwisho, mashavu yameingia ndani, midomo mikavu. Nilifurahi kumwona, huwezi kuamini. Nilikuwa na hamu naye.

"Uso ni wa watu, Dija," akasema. "Kisogo ni cha aliyekubeba."

Nikadhani anamsema mama yake. Nikamwambia, polepole, mama yako alifariki zamani sana, Bi Winni, hatutampata. Naye akaniangalia mikono. Nikaangalia na mimi. Kulia nimeshika kijiko cha uji. Kushoto mkono umeinuka wenyewe, umekunjika kama bakuli, mtupu.

Hapo akageuka. Kwa mara ya kwanza akanipa mgongo, akaondoa mkono wake kichwani. Na nyuma ni wazi, shimo lilelile nililolikata mimi, kingo hazijalainishwa hata, alama za waya wangu zinaonekana, na upepo unaingia mle unavuma kama unavyovuma kwenye mdomo wa mtungi. Ni huo upepo. Alikuwa akiusikia peke yake.

Nikapeleka mkono wa kushoto. Sikufikiri. Ulikwenda ukakaa pale kama kila jioni ulivyokaa alipokuwa hajiwezi, nikimwinua anywe uji: pale juu ya shingo penye kibonde, pale penye kifupa kilichotokeza upande mmoja, zile nywele fupi zilizokuwa zikinichoma kiganjani. Vyote vilikuwepo. Mkono ulivijua, mimi ndiye niliyekwenda kuuliza picha. Upepo ukakatika. Akawa mzito, kwanza kidogo, halafu zaidi, uzito ule wa mtu anayesinzia na kukuamini. Nasikia pumzi zake zinarefuka. Nataka kumlaza na kitanda kimekwenda mbali, nanyoosha mkono, nanyoosha, usidondoke Bi Winni, usidondoke—

Nikaamka. Mkono wa kushoto nilikuwa nimeulalia mwenyewe, chini ya kichwa changu. Umekufa ganzi, vidole vimekunjika vilevile kama bakuli, na sikutaka kuvikunjua.

Nje kulikuwa kunapambazuka. Mama alishaamka, amejifunga khanga kiunoni, anaangalia wingu lililokuwa limekalia mgongo wa mlima. Mkono mmoja ana kiberiti. Nikamwambia nimemwota Bi Winni.

Mama hakugeuka upesi. Akauliza swali ambalo watu wazima wa kwetu hulitanguliza wakisikia umeota marehemu, kwani marehemu akiomba hanyimwi.

"Alikupa au alikuomba?"

"Aliomba."

Nikaona bega lake limekaza. Akaniuliza aliomba nini, sauti ndogo. Nikamwambia ameomba kisogo chake, nikamweleza na upepo, na Mzee Hoza, na uji. Nilipofika kwenye uji nikamwonyesha tu mkono. Mama akauangalia. Akaangalia kichwa kilichofunikwa, akakizunguka, akainua kitambaa kwa nyuma, akachungulia shimo langu kwa muda mrefu. Nilijua anachowaza. Kuni kavu alizozitafuta wiki nzima, mvua inayokuja, watu walioalikwa.

Akatia kiberiti kwenye pindo la khanga. Akavuta turubai, akazifunika kuni, akaweka jiwe huku na jiwe huku.

"Mpe," akasema.

Nikatoa kitambaa. Nikakigeuza kichwa kikatazama ukuta, uso mzuri ule wote nikaupeleka kulikokuwa hakuna mtu. Nikachukua udongo mpya nikaukanda, na kabla sijaugusa kichwani nikafumba macho. Mkono wa kulia ukaweka udongo. Wa kushoto, uliokuwa bado na ganzi, ukakaa nyuma yake na kungoja. Tone la kwanza la mvua lilinipiga shingoni wakati kile kibonde kinaanza kutokea.

Jumapili njooni tu. Shubaka litakuwa tupu, chai itakuwepo. Atakayeuliza Bi Winni yuko wapi nitamjibu kama tulivyokuwa tukijibizana njiani, naye alikuwa akitusikia: bado hajageuzwa. Mwacheni kwanza alale.