Mama wa Yavuyavu Alipowekwa Mahabusu

Wanaoandika habari za miaka ile hupenda kusema "utawala ulifanya hivi", "dola ilifanya vile". Mimi shule niliachia darasa la tatu, sijawahi kukutana na dola. Waliomchukua mume wangu walikuwa na sura. Mmoja ni fundi wa pampu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye chumvi ya nyumbani kwake ilitoka jikoni kwangu. Mwingine ni kapteni wa kituo cha maji. Kabla ya mapinduzi alikuwa akiwapikia askari maharage, na kusema kweli alipika vizuri, angebaki huko. Majina yao ninayo. Nimeombwa nisiyaandike, basi nimewaandika kwa kazi zao.

Mume wangu alikuwa msafishaji wa chujio pale ziwani, mahali jiji linapovuta maji yake. Chujio ni nyavu za chuma zinazozuia samaki na magugu kuingia kwenye bomba, na kazi yake ilikuwa kuzikwangua. Msimu mmoja wa joto nyavu zikajaa vitu vya mviringo, upana wa sarafu, vinapitisha mwanga kama kioo, pembeni vina ndevu nyembamba. Ukikiweka mkononi kinalegea kama ute wa yai. Watu wa pwani huviita yavuyavu. Sisi Kampala hatukuwa na jina la kuviita, na wakati ule kitu kisicho na jina kiliweza kumtia mtu matatani.

Fundi wa pampu alikuwa akiitamani nyumba yetu kwa sababu ilikuwa na jiko la nje. Akamnong'oneza kapteni kwamba mume wangu analipwa na maadui kutia sumu kwenye maji. Walikuja mchana tukila, wakamtia kwenye buti ya gari, mimi nimesimama na mwiko mkononi.

Nikaenda kwa kapteni.

"Afande, wale ni wanyama wa ziwa. Huja msimu ukifika, hata mwaka jana walikuja."

"Mnyama gani hiyo? Haina macho, haina mifupa, haina matako."

"Ndivyo walivyoumbwa, afande."

"Sasa mama, kila kitu iko na mzazi. Wewe niletee mama yao, nimuone akizaa, mimi naachilia mzee yako. Kama hakuna mama, basi imeletwa na mutu."

Kwake hayo yalikuwa maneno ya sheria. Siku zile wakimtafuta mtu wakamkosa, walikuwa wanamkamata mama yake.

Chuo kikuu nilimkuta mwalimu wa viumbe vya majini. Wenzake walikwishakimbia nchi. Yeye alibaki kwa sababu mkewe alikataa kuliacha friji.

"Mama yao yupo," akaniambia, "ila hafanani nao. Yeye ni kama kijiti, mdogo kuliko kichwa cha pini. Amejigandisha kwenye jiwe, hatembei popote. Anachipua mtoto ubavuni kama mgomba. Mtoto akikomaa anakatika, anaogelea zake, ndiye huyo wa duara. Wale wa duara wana madume na majike, wanataga mayai. Na yai halitoi duara. Linazama, linashika jiwe, linakuwa kijiti tena."

"Na maji yakiharibika?"

"Kijiti kinajikunja, kinajivika ganda gumu, kinangoja. Utadhani ni uchafu wa jiwe. Mambo yakitengemaa kinachipua upya."

"Mwalimu, hayo ukimweleza kapteni tutalala ndani sote."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Lakini alikuja, hilo nitamshukuru mpaka kaburini. Alileta bakuli la kioo lenye maji ya ziwa, ndani jiwe, juu ya jiwe kijiti kilichovimba ubavu, na lenzi ya kukitazamia. Kapteni akaamuru bakuli likae mezani kwake chini ya ulinzi mpaka mama azae. Hapo uhai wa mume wangu ukawa umo ndani ya bakuli, nami nikawa nashinda mlangoni kulitazama.

Askari wa zamu alikuwa kijana wa kaskazini, mwenye adabu. Siku moja nikamkuta anamega ugali wa posho, anaudondosha majini.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Mahabusu lazima akule, mama."

Mwalimu alipoona ugali unaelea nusura azimie. Akabadilisha maji, akatia vidudu vidogo vya ziwani, hai, wanarukaruka.

"Nyama kila siku," yule kijana akasema. "Sisi hapa wanatupa maharage, na aliyejua kuyapika wamemfanya kapteni."

Fundi wa pampu naye alipita kuchungulia. Hofu yake ilikuwa jiko la nje. "Afande, hapo mimi naona uchafu tu."

"Unaona uchafu kwa sababu umefunga jicho ya lenzi," kapteni akamwambia. "Fungua hiyo, funga ingine."

Siku ilipofika tulikuwa wote pale. Kapteni alivua kofia, akainama. Kile kivimbe kilitikisika, kikatulia, kikatikisika tena, kikakatika. Kikaanza kuogelea, kinajifumba na kujifumbua kama moyo wa kuku aliyechinjwa sasa hivi. Kapteni alikaa na lenzi muda mrefu, mimi nasikia pampu za nje zikipiga.

"Hii si mtoto yake," akasema. "Haifanani na mama hata kidogo."

Mwalimu akaanza kizungu chake kirefu, akakiacha njiani.

"Afande," akasema kwa sauti ndogo, "hafanani na mama. Amefanana na bibi yake."

Kapteni akanyanyuka. Akamtazama mwalimu, akalitazama bakuli.

"Mimi naitwa jina ya babu yangu," akasema polepole. "Watu wote huko kwetu wanasema hata kutembea natembea kama babu. Baba ilipita tu hapo katikati." Akavaa kofia. "Kumbe hii vitu iko na ukoo kama sisi. Mulete ule mzee."

Mume wangu alirudi hana meno ya mbele, na mkono wa kulia haufungi ngumi. Kapteni alimpa mkwanguo wake na onyo. "Kwangua mama yote kwenye mawe. Msimu ijayo nikiona mtoto hata moja, wewe unarudi ndani."

Alikwangua kwa mkono wa kushoto. Lakini mawe ya ziwa lile nani atayamaliza? Joto lilipokaribia alipanda lori kwenda Kisumu. Fundi wa pampu alihamia kwetu kabla majivu ya jiko hayajapoa, mimi nikaenda kupanga chumba.

Utawala ulipoanguka nilimtuma dereva wa lori la Kisumu: mwambie mzee kwamba kapteni amekimbia, arudi nyumbani. Dereva akaniletea jibu.

"Anauliza, amekimbia au amejikunja?"

Nilitukana. Nilisema mbele za watu kwamba nimeolewa na mwoga, nikaendelea kusema hivyo mvua zikaja zikaisha.

Halafu nikaenda dukani Ntinda kununua sufuria. Nikainua moja, nikaigonga nisikie kama ni nzito, na aliyekuwa nyuma ya kaunta akasema, "Hiyo nzuri kwa maharage, mama." Tumbo limeongezeka, amevaa tai. Kapteni alinitambua kabla mimi sijamtambua, wala hakuona haya.

"Mzee hajambo? Bado ako Kisumu?" Nikaigeuza sufuria, yeye akaendelea. "Mimi siku hizi raia tu. Lakini hii serikali mpya wananisumbua. Wanataka mutu mwenye uzoefu pale kwa maji. Mwezi ujao narudi."

Nikairudisha sufuria mahali pake. Nikashuka moja kwa moja mpaka wanapopakia malori, nikamkuta dereva anafunga turubai.

"Mwambie mzee asije," nikasema. "Amejikunja."