Siku Bibi Aliponiamkia

Asubuhi hii mjukuu wangu amepika uji wa mchele kwa tui na hiliki. Mvuke wake uliponigusa usoni, nikamwona bibi yangu kitandani, kanga imemfunika mpaka kidevuni.

Wakati ule mimi ni mtoto, ndiyo kwanza nimeng'oka meno ya mbele. Bibi alikuwa mkongwe, akili inakuja na kuondoka, na siku ya tatu ile hajatia kitu kinywani. Mama alimbembeleza mpaka mwenyewe akalia. Dada yangu akamtania, "Kula, mke mwenzangu, la sivyo babu namchukua peke yangu!" Wapi! Bibi kafumba kinywa.

Nikapewa bakuli la uji mimi. Jina langu ni la mama yake bibi, aliyekufa zamani. Bibi akanitazama sana, halafu macho yakamlainika.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mtu mzima kumwamkia mtoto! Niliogopa, nikataka kumrudishia shikamoo yake. Mama akaninong'oneza, "Mwitikie, mwanangu. Mwitikie."

"Marahaba," nikasema.

Bibi akafungua kinywa. Nikamlisha kijiko baada ya kijiko, na nikaona kabisa kwamba yule mkongwe ni mtoto, na mtoto mwenyewe ni wangu. Bakuli likaisha. Akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Mama, sasa nikacheze?"

"Nenda," nikamwambia, "lakini usiende mbali."