Shira Iliyopelekwa Hospitali

Ni saa mbili na robo asubuhi, na Belarmino Suescún anamenya chungwa la nne. Hana njaa. Nyuma yake shira inatokota kwenye karai la mwisho la kinu cha miwa cha La Mesada, na kila mtu humu anajua kwamba mzee anamenya ili mikono yake isiende kunyakua upawa.

"Mzee, imefika?" anauliza Edelmira Ariza, aliyesimama katikati ya mvuke.

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona unanichosha."

Wenzake wanaangua kicheko. Belarmino anaendelea kumenya.

Sukari guru ina dakika yake. Ikitolewa mapema hubaki tope, ikichelewa huungua ikawa chungu. Anayeijua dakika hiyo huchovya vidole kwenye maji baridi, akavipitisha kwenye shira inayochemka, akavirudisha majini upesi. Shira iliyoganda vidoleni ikivunjika kama kioo, imefika.

Kwa miaka ishirini na saba, vidole vilivyoaminiwa hapa vilikuwa vya Belarmino peke yake. Sasa ana miaka sitini na miwili na vidole vyenyewe vimekufa ganzi. Familia kumi na nne zinazomiliki kinu zimempa mpaka Desemba apatikane wa kushika nafasi yake. Asipopatikana watafunga, na miwa yao wataiuza kwa kinu cha jirani kwa nusu ya wanachopata leo.

"Nilikuwa najibu kila kitu," anasema. "Chokaa ya kusafishia maji ya miwa kiasi gani? Najibu. Makapi yaongezwe motoni? Najibu. Mtu hajamaliza kufungua mdomo, nimeshamjibu. Nikadhani huo ndio uongozi. Kumbe nilikuwa nawalemaza, jamani!"

Aliligundua hilo mwaka jana, alipolazwa mjini kwa mawe ya figo. Siku ya pili baada ya upasuaji aliingia Arcadio, mchochea moto wa kinu, amejaa vumbi na kopo mkononi. Alikuwa ameendesha pikipiki dakika arobaini. Ndani ya kopo mlikuwa na shira.

"Akaniambia, 'Mzee, wenzangu wamenituma nikuulize kama imefika.' Nikatazama ndani. Imekuwa jiwe! Nesi akadhani ndilo lililotoka kwenye figo yangu."

Kinuni, wengine walikuwa wamesimama kuzunguka karai wakisubiri jibu, mpaka shira yote ikaungua.

"Nilicheka mpaka mshono ukauma," anasema. "Arcadio alipoondoka, nikalia. Watu wazima, wenye watoto na mashamba yao, wanaona inaungua na hakuna wa kusema toeni. Mimi ndiye niliyewafanya hivyo."

Aliporudi kazini alikuja na jibu moja tu kwa kila swali: wewe unaonaje? Wiki ya kwanza walidhani amekasirika. Mke wa Arcadio hata alimletea kuku wa kumtuliza. Belarmino alimla kuku, na siku iliyofuata akauliza vilevile.

Asubuhi hii Edelmira anachovya vidole, anasita, kisha anapaza sauti: "Toeni!"

Kisu cha Belarmino kinasimama juu ya ganda. Kwa harufu tu ameshajua kwamba ni mapema. Lakini hageuki, na shira inamiminwa kwenye vibao vya kuigandishia. Baada ya muda, matofali ya sukari yanalegea na kutambaa pembeni.

Edelmira anayatazama, mikono kiunoni. "Nimewahi. Mapovu yalikuwa bado madogo. Haya, rudisheni karaini, tuyachanganye na shira ya pili."

Hakuna aliyemwambia la kufanya. Belarmino anarudi kwenye chungwa lake.

"Zamani ningemtukana," ananong'ona. "Kama nilivyomfanyia Nubia."

Majuto ni mjukuu, na huyu wa Belarmino ana miaka sita. Nubia Camargo ni mtoto wake wa ubatizo, na alifanya kazi hapa miaka tisa. Siku moja alichovya vidole akasema imefika. Belarmino akampokonya upawa.

"Nilimwambia, 'Nani kakuuliza?' Mbele ya wote. Akasema, 'Baba, inaungua.' Nikamwambia anyamaze. Tukiwa tunabishana, ikaungua kweli."

Mwenyekiti wa zile familia alipokuja kuuliza, Belarmino alisema Nubia amechelewa kutoa. Nubia hakubisha. Alivua aproni, akaitundika kwenye msumari, akaondoka. Leo anapakia kuku kiwandani katika jiji la Bucaramanga. Mama yake hajamsalimia Belarmino tangu siku hiyo, na kanisani huhama benchi akimwona.

"Alikuwa sahihi," anasema Belarmino, safari hii kwa sauti inayosikika hadi kwenye tanuri. "Shira ile niliiunguza mimi, nikamsingizia mtoto wa watu. Sijawahi kumwambia mtu."

Upawa wa Edelmira unatulia. Arcadio anaacha kusukuma makapi.

"Tulijua, Mzee," anasema Edelmira. "Sote. Siku ileile."

"Na mkanyamaza miaka yote hii?"

"Nani alituuliza?"

Belarmino anaweka kisu chini. Chungwa linabaki mkononi, limemenywa nusu.

Shira ya pili inapokaribia kufika, Edelmira hamwulizi. Anayatazama mapovu yakinenepa, anachovya, anavunja kipande mbele ya macho yake. "Toeni." Sukari inalala kwenye vibao, inashika. Bado hukosea mara mbili katika tano, na Desemba haiko mbali.

Belarmino anachukua tofali moja lenye joto, analifunga kwa jani kavu. Anasema Jumapili baada ya misa atamfuata mama yake Nubia kwenye benchi lolote atakalokaa, amweleze mbele ya watu. Kisha atapanda basi la Bucaramanga.

"Utamwomba arudi?" anauliza Arcadio.

Mzee anakaza jani kwenye tofali.

"Nitamwambia alikuwa sahihi," anasema. "Mengine ataamua mwenyewe."