Umeme Uliosingiziwa

Nazih alikuwa mtu wa kuaminika mpaka anakera. Ukimuuliza saa, alitazama mkononi kwanza, kisha akakutajia na dakika. Alifundisha kompyuta katika shule ya sekondari ya Ain Sindyan, milimani juu ya Batroun, kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyepata kwake alama ya huruma. Mke wa padri aliwahi kumpelekea sinia ya kibbeh, nyama ya kusaga na ngano, wiki moja kabla ya matokeo ya mwanawe. Nazih aliila kibbeh, akashukuru, akarudisha sinia ikiwa imeoshwa, na mtoto akafeli. Watu walicheka wee, lakini tangu hapo kila ulipozuka ubishi wa nani kasema nini, waliambiana wakamuulize Nazih, kwa sababu yule hasemi uongo.

Mapenzi yake yalikuwa mawili tu, maana mke hakuoa na mpira hakuupenda. La kwanza lilikuwa kompyuta, na si kompyuta za kubonyeza vipicha, hizo aliziona mambo ya kitoto. Yeye alitaka dirisha jeusi lenye maandishi meupe, uandike amri kwa mkono wako na mashine itii papo hapo. "Mashine yenye adabu haikuulizi kama una uhakika," aliwaambia wanafunzi, na wao wakapiga miayo.

La pili lilikuwa bia ya Toufik. Toufik alikuwa mchonga mawe, rafiki yake tangu darasa la kwanza, na chini ya nyumba yake, palipopaswa kukaa gari, alikuwa na mapipa ya bia. Alipika bia nzito kwa kimea cha shayiri na asali nyeusi ya maganda ya mkharubu, kali kuliko divai nyingi za bonde lile. Glasi ya kwanza ilikukalisha, ya pili ikakufanya umpigie simu mtu mliyekosana naye. Kila Jumamosi mchana wawili hao walijifungia humo na bakuli la lozi mbichi zenye chumvi, wakabishana kuhusu hamira kama watu wengine wanavyobishana kuhusu siasa.

Nazih ndiye aliyeleta kompyuta mle ndani. Alitumbukiza kipimajoto katika kila pipa, akaandika programu ya kurekodi joto kila baada ya dakika kumi, na kila jioni Toufik akanusa na kuongeza maneno yake ya harufu: siku ya nne, ndizi iliyoiva, siku ya tisa, kiatu kipya, siku ya ishirini, usiguse, inanuna. Miaka sita, mapishi sitini na tatu. Hiyam, mke wa Toufik, alikuwa akipita na kikapu cha nguo anawatazama. "Wanangu hawakupimwa homa namna hiyo," anasema.

Kisha ikaja corona, ikamchukulia Toufik pua. Alipona kifua, akapona miguu, lakini harufu haikurudi, na harufu ikiondoka ulimi nao unabaki mapambo. Kahawa na maji ya moto kwake vikawa kitu kimoja. Alilia siku moja tu, mbele ya Nazih, kisha akasema, "Basi, pua yangu iko kwenye mashine." Na kweli ilikuwa humo. Alisoma siku ya nne ya pishi la zamani, akalinganisha joto, akafanya kile alichokifanya enzi ya pua yake. Alikuwa amemwahidi binti yake, Yara, kwamba harusini mwake, mwezi wa tisa, watu watakunywa pishi namba arobaini na moja, ambalo halikuwa na mpinzani. Linahitaji miezi mitano kutulia. Kwa hiyo lilipaswa kuanza Aprili.

Jumamosi moja ya Aprili hiyo Toufik alienda kuchukua gunia la kimea, akamwacha Nazih peke yake. Nazih alikuwa na madirisha mawili meusi mbele yake: la kushoto lilikuwa la kompyuta yake mwenyewe, la kulia la kompyuta ya mapipa. Alitaka kufuta takataka za mitihani ya mwaka jana kwenye mashine yake. Akaandika amri ya kufuta kila kilichomo, bila kuuliza, akabonyeza. Mashine yenye adabu ikatii. Ila alikuwa ameiandika kwenye dirisha la kulia.

Sikufichi, kosa hilo humpata kila mtu wa kazi ile, na ndiyo maana wenye akili huweka nakala. Nazih alikuwa nayo. Alijivunia sana programu yake nyingine, ambayo kila saa ilikwenda kwenye diski ya pili na kuifanya ifanane kabisa na ya kwanza. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika nane. Badala ya kuchomoa ile diski ya pili akaiweka mfukoni, alikaa akijaribu amri hii na ile ya kurudisha vilivyofutwa, jasho linamtoka. Ilipogonga saa tisa, programu yake iliamka, ikaona diski ya kwanza tupu, ikaifanya ya pili nayo iwe tupu. Kazi safi kabisa. Miaka sita ikaisha kwa sekunde tatu.

Toufik akaingia na gunia begani. "Vipi, mwalimu? Mbona umekauka?"

"Umeme," alisema Nazih. "Umekatika ghafla, ukarudi kwa nguvu. Diski zote mbili zimeungua."

Hata yeye hakujua yale maneno yametoka wapi. Au alijua. Katika nchi ile umeme umebeba dhambi za kila mtu: wali ulioungua, mwanafunzi aliyelala, barua isiyojibiwa. Nazih alidhani anaitupia lawama hewa. Lakini umeme wa Ain Sindyan haukuwa hewa, ulikuwa na mwenyewe. Wa serikali ulipita saa mbili kwa siku ukipenda, na uliobaki wote ulitoka kwenye jenereta ya Sarkis, kaka yake Hiyam, mjomba wa Yara.

Toufik aliweka gunia chini taratibu, akatoka. Nazih angeweza kumkimbilia. Mlango ulikuwa wazi na miguu yake ilikuwa mizima. Alijiambia atamweleza akirudi.

Toufik aliporudi, mambo yalikuwa yameharibika. Alikuwa amemkuta Sarkis kwa mama yake, akamtolea maneno mbele ya mama mkwe, akamwita mzembe. Sarkis akakana, Toufik akamwita mwongo. Mwisho akamwambia asikanyage kwake, na harusini asionekane. Sarkis huyo ndiye aliyemshika Yara siku ya ubatizo, ndiye aliyembeba mabegani mpaka mtoto akawa mzito wa kubebwa.

Baada ya hapo kila siku iliyopita iliongeza kufuli. Kesho yake kusema kweli kulikuwa kugumu. Wiki ya pili kukawa aibu. Mwezi wa pili Nazih akaona afadhali ahame kijiji. Bia ilimshinda kunywa. Toufik alipika namba arobaini na moja kwa kukumbuka kumbuka, akawa anampa Nazih aonje, na Nazih alionja akasema kweli, kwamba siyo yenyewe, na kila aliposema hivyo Toufik alimtukana Sarkis upya. Shuleni mvulana mmoja alikuja bila kazi yake, akasema umeme ulikatika. Darasa zima likangoja mwalimu amchambue. Nazih akamwambia alete kesho. Watoto wakatazamana. "Mwalimu anaumwa," mmoja akanong'ona, na alikuwa hajakosea sana.

Mwezi wa nane Hiyam alikwenda nyumbani kwake na orodha ya wageni, amchapishie majina kwenye bahasha. Nazih aliipitia mpaka akafika kwenye jina lililokatwa kwa kalamu nzito, mara mbili, karatasi imetoboka.

"Zungumza naye, Nazih," Hiyam alisema. "Mimi simuwezi. Wewe anakusikiliza."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie lolote. Yule ni ndugu yangu, na ni mmoja tu. Mwanangu ataolewa bila mjomba kwa sababu ya mapipa ya bia?" Hakulia. Alifunga mkoba wake, akauliza bahasha zitakuwa tayari lini.

Nazih hakuchapisha hata moja. Alitoka kabla Hiyam hajafika kona, akakata njia ya mizeituni, akamkuta Toufik anaosha chupa.

"Umeme haukukatika," alisema, hajasalimia. "Mimi ndiye niliyefuta. Niliandika amri kwenye dirisha lako nikidhani ni langu. Na nakala nayo niliiua mimi. Sarkis hana kosa."

Toufik aliendelea kuosha chupa aliyoishika, akaisuuza, akaipindua kwenye ubao. Kisha akachukua nyingine, akaiacha.

"Tangu Aprili," alisema.

"Tangu Aprili."

"Nakaa nawe hapa kila Jumamosi, unanionjea, unaniambia chungu, unaniambia tamu." Sauti yake haikupanda, na Nazih alitamani ingepanda. "Ungeniambia siku ile ningekupiga kofi moja, tungecheka kabla ya jua kuzama. Hasara yangu ilikuwa maandishi tu, Nazih. Nilimwita ndugu wa mke wangu mwongo mbele ya mama yake."

"Nisamehe, Baba Yara."

"Usianze na mimi. Nenda kwa Sarkis, umwambie kama ulivyoniambia. Halafu urudi uniambie alichosema, neno kwa neno."

Jenereta ya Sarkis ilikaa kwenye chumba cha mabati nyuma ya duka la kinyozi, na ilinguruma hivi kwamba mlangoni pake watu walizungumza kwa mikono. Sarkis alikuwa ndani, fulana imelowa mafuta. Nazih alisema alichokuja kusema. Sarkis akaweka mkono sikioni. Nazih akasema tena kwa nguvu. Sarkis akatikisa kichwa. Mara ya tatu Nazih alikuwa anapiga kelele, mishipa ya shingo imesimama: "Nilidanganya!" Sarkis akamtazama, akanyoosha mkono, akazima mashine.

Kijiji kikawa kimya. Mafriji yakanyamaza, redio zikanyamaza, na papo hapo watu wakatoka kwenye roshani.

"Sarkis! Nina mkate kwenye oveni!"

"Sarkis, bwana, nina nusu ya kichwa cha mtu hapa," aliita kinyozi kupitia ukuta.

"Rudia," Sarkis alimwambia Nazih. "Sasa nasikia."

Nazih akarudia katika ukimya ule, na roshani zote zikasikia. Alisema amri, dirisha, nakala, na jinsi alivyotaja umeme. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyodhani kwa miezi minne.

Sarkis alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nilimwambia Toufik mashine iliwaka toka saa nane mpaka saa kumi na mbili, haikukohoa. Nilimwambia mara tatu. Unajua alinijibu nini? Nazih hasemi uongo. Basi, nikakosa la kusema, kwa sababu hata mimi ndivyo nilivyokujua. Nikarudi hapa nikafungua daftari langu la saa za mashine, nimeandika kwa mkono wangu, imewaka. Sikuliamini. Daftari langu mwenyewe, nikaacha kuliamini kwa ajili yako. Nikasema labda nilisinzia, labda uzee. Nikang'oa swichi nzima nikafunga mpya. Na Jumapili hii nilikuwa naenda kumwomba radhi." Akajishika kidevu. "Mama kanisihi, nikakubali. Nilishanyoa ndevu."

Akakitundika kitambaa msumarini.

"Kamwambie Toufik nitakuja harusini," Sarkis alisema. "Nitakuja asubuhi, tumtoe Yara nyumbani mimi na baba yake. Lakini nikikuona wewe pale, naondoka, na nitaondoka mbele ya watu. Mwambie na hilo." Akawasha mashine, na hapakuwa tena na namna ya kujibu.

Njiani kurudi Nazih aliyashika maneno yale mawili, la heri na la kufukuzwa kwake. Iliwezekana kuwasilisha la kwanza tu. Wazo lilimjia, akaliona lilivyo jepesi, akaona aibu hata ya kulifikiria. Alimkuta Toufik amekaa juu ya pipa, chupa zote zimeoshwa. Akamweleza yote: swichi, daftari, radhi ya Jumapili, ndevu, harusi, na kwamba yeye asionekane huko.

"Hivyo ndivyo alivyosema?"

"Neno kwa neno, Baba Yara."

Toufik alimtazama rafiki yake wa miaka arobaini. Kisha akatoa simu mfukoni, akampigia shemeji yake kumuuliza kama ndivyo.