Maiti wa Shoo ya Saa Tisa

Shemeji yangu alipasuliwa nyusi mara tatu, aling'olewa meno mawili, na siku moja mama mmoja mnene alimchoma pajani kwa pini ya nywele mpaka pini ikapinda. Yote hayo yalimpata kazini. Kazi yake ilikuwa kuwa maiti.

Kwa ufundi alikuwa seremala, tena mwenye mkono mwepesi. Lakini mjini hawakumjua kwa makabati. Walimwita Marehemu, naye aliitika bila kinyongo.

Mambo yalianza pale mwenye sinema alipoona viti vinabaki vitupu. Alikuwa mzee mfupi wa suti moja na maneno elfu, tukimwita Mzee Kiroja. Filamu zake zilikuwa za kutisha za zamani, zimekatika na kuungwa mara nyingi hivi kwamba mwigizaji alianza kupiga yowe akiwa mlangoni, akalimalizia yuko ghorofani.

"Filamu haitishi," alisema. "Basi tutatisha sisi."

Akabandika bango: atakayekufa kwa hofu, sinema itamzika. Nje akaegesha gari la wagonjwa lisilo na injini. Dada yangu, mke wa Marehemu, akavishwa gauni jeupe la nesi, akawa anawapima watu mapigo ya moyo mlangoni na kuwasainisha kwamba wameingia kwa hiari yao. Mimi nilichana tiketi.

Marehemu akachonga jeneza, tukaliweka chini ya pazia. Muuaji wa kwenye filamu alipofukua kaburi, mtambo wa picha ulizimwa, taa moja nyekundu ikawaka, na kifuniko kikaruka. Shemeji alitoka na uso wa chokaa, damu ya sukari na rangi ikimchuruzika kidevuni, akakimbia katikati ya viti akiunguruma.

Watu walilipenda jambo hilo! Walikanyagana, walipigana viwiko, walitoka wamevimba midomo, kisha wakarudi kupanga foleni. Nilimuuliza mshona nguo mmoja aliyekuja kila wiki anafuata nini.

"Mume wangu akinipiga, sithubutu kupiga yowe, majirani watasikia," alisema. "Hapa napiga mpaka koo linauma, na hakuna anayeniuliza."

Jumamosi moja, kwenye shoo ya saa tisa alasiri, aliingia mpasua mawe, kifua kama mlango. Dada akamshika kifundo cha mkono.

"Moyo unakwenda mbio, kaka. Kaa nyuma."

"Mimi niogope picha, nesi?" Akaenda kukaa mstari wa mbele kabisa.

Jeneza lilipofunguka, wote walikimbilia nyuma. Yeye alikwenda mbele. Ngumi ya kwanza ilimpata Marehemu mdomoni, na mimi niliyekuwa mlangoni nilisikia taya likivunjika, kah, kama mguu wa kiti. Shemeji akaanguka chali. Yule mtu akamwekea goti kifuani, akamkaba koo kwa mikono yote miwili.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Waliokimbia wakarudi wakapanda juu ya viti. "Muue tena! Muue tena!" Shemeji alipiga sakafu kwa kiganja akiomba msaada, wakaona anaigiza vizuri. Hata Mzee Kiroja, kando ya pazia, alikuwa anapiga makofi.

Aliyejua ni dada. Damu ya sukari haitoi povu, na ile iliyokuwa mdomoni mwa mumewe ilikuwa inatoa. Alitupa karatasi zake, akachomoa komeo la chuma mlangoni, akashuka mbio. Watu wakampisha wakicheka, maana nesi naye ni wa shoo. Alimpiga yule mtu begani, hakuachia. Akampiga kiwiko, mfupa ukalia, mkono ukaning'inia. Akaendelea kukaba kwa mmoja. Pigo la tatu lilitua kichwani. Akalala juu ya Marehemu kama gunia.

Wakamshangilia nesi. Dada akageuka na komeo lake, gauni limetapakaa damu.

"Mnashangilia nini? Huyu ni mume wangu!"

Wakazidisha makofi. Nikawasha taa zote, ndipo kukawa kimya. Kijana mmoja wa mstari wa pili akatapika.

Gari la wagonjwa, kama nilivyosema, halikuwa na injini. Tuliwapakia wote wawili kwenye mkokoteni wa mboga, wamelala ubavu kwa ubavu, tukausukuma mpaka hospitali.

Siku ya nne, mpasua mawe, mkono ndani ya plasta na kichwa kimefungwa bendeji, alijikokota hadi kitandani kwa shemeji, akalia.

"Nisamehe, ndugu yangu. Sikujua wewe ni mtu."

Shemeji alikuwa amefungwa taya kwa waya. Akauliza kwa kupuliza maneno, "Uliogopa kweli?"

"Nilijikojolea, ndugu."

Shemeji akacheka mpaka waya zikamkata ufizi, damu ikatiririka kwenye mto wa kulalia. Dada akawatukana wote wawili, akatoka.

Mzee Kiroja naye alikuja, na mfuko wa machungwa na wazo la bango jipya: Maiti Aliyekufa Mara Mbili. Dada alimtwanga kwa machungwa yake mwenyewe, moja baada ya jingine, mpaka chini ya ngazi.

Shemeji hakurudi jenezani. Sinema ilifungwa, ukumbi ukawa ghala la rangi. Alirudi kwenye randa yake, lakini sauti haikurudi. Alinong'ona mpaka mwisho wa maisha yake. Siku moja, nikimshikia ubao, alisema:

"Shemeji, nilipokuwa nakata roho pale chini, niliyasikia yale makofi. Sijawahi kupigiwa makofi namna ile. Nikatamani dada yako achelewe kidogo." Akapuliza maranda. "Usimwambie."

Sikumwambia. Sasa wote wawili hawapo, ndiyo maana nasema.