Shamba la Uwele Asilolijua Mume Wangu

(Aliyetuletea barua hii ni mama kijana. Jina lake na la mumewe tumeyaacha nje ya gazeti. Tumesahihisha herufi tu, maneno ni yake.)

Bwana Mhariri, na ninyi mama zangu na dada zangu mnaosoma ukurasa huu, wakubwa nawaamkia shikamoo. Mimi nina miaka ishirini na miwili na watoto wawili, wa pili bado ananyonya. Nilisoma misheni mpaka darasa la tatu, basi nikikosea mnisamehe. Mume wangu gazeti hulisoma, lakini ukurasa huu haufungui, husema ni wa umbea wa wanawake.

Kwetu ni Nyasaland, kando ya ziwa. Huu ni mwaka wa tatu tuko huku Iramba, mume wangu ni karani katika mgodi wa dhahabu. Tulipoondoka, wenzangu walinionea wivu. Walisema, "Wewe unakwenda kula kwa kalamu." Nami nikaamini.

Sasa sikilizeni. Wachimbaji hupewa posho ya unga na maharage kila Jumamosi. Karani hapewi. Yeye hupewa mshahara ajinunulie mwenyewe, na tena ale kikarani: mchele, sukari, unga wa ngano, maziwa ya kopo. Vyote huja kwa lori kutoka relini, na kila lori likija bei imepanda. Nusu ya mshahara mume wangu humpelekea mama yake. Sikatai, mama ni mama. Lakini humwandikia, "Huku tunakula wali hata tumeuchoka." Mama akisikia hivyo huomba zaidi kwa ajili ya wadogo zake mume wangu. Angefanyaje? Mtoto aliyeuchoka wali si anacho?

Basi mwanzo wa mwezi tunakula wali, mwisho wa mwezi tunafunga mlango. Tunafunga majirani wasione karani anakunywa uji usio na sukari. Mume wangu humsukumia binti yetu bakuli lake, "Kula mama, mimi nimekula ofisini." Ofisini hakuna chakula. Mkanda wake ameutoboa tundu jipya kwa msumari, nilimwona. Ni mtu mwema, msimhukumu.

Maziwa yangu yakapungua. Mdogo akawa analia mpaka sauti inakwisha, anabaki kufungua kinywa tu. Mchana mmoja jirani yetu, mama mtu mzima mwenyeji wa hapa, nitamwita Mama Msengi, akapiga hodi. Nilimwamkia nimesimama mlangoni ili asiingie. Aliniitikia marahaba huku ananipita, akafunua chungu.

"Hivi ninyi watu wa kalamu mnakula karatasi?"

Nilicheka, kisha nikalia. Akatoka, akarudi na ugali wa uwele na mlenda. Sikuwahi kula uwele maishani mwangu. Nilikula mpaka nikalamba vidole. Akaleta kesho yake na kesho kutwa, na maziwa yangu yakarudi.

Nikamwambia mume wangu kwamba Mama Msengi anatupatia kipande cha shamba, bure, nipande uwele. Akaweka kalamu chini.

"Mke wa karani akishika jembe, mimi wachimbaji wataniitaje?"

"Hata kwetu nililima," nikamjibu.

"Ndiko nilikokutoa."

Neno hilo lilinikata. Lakini nikalima. Nasema kweli mbele yenu. Akienda kazini, namfunga mtoto mgongoni, namshika binti yangu mkono, tunazunguka nyuma ya kilima. Siku moja alikiona kiganja changu kina malengelenge. "Nini hii?" "Kufua," nikasema. Ndio uongo wa kwanza niliomwambia tangu anioe.

Sasa uwele umeanza kutoa masuke, marefu kama mkono wa mwanangu. Lakini juma lililopita mume wangu alirudi uso umemwanguka. "Nimepiga hesabu kila namna, siwezi kuwalisha. Nikipokea mshahara wa mwezi ujao mtapanda lori mpaka Itigi relini, kisha mwende kwetu Nyasaland kwa mama. Mimi peke yangu nitakula chochote."

"Mpaka lini?" nikamwuliza.

Alimchukua mtoto akatoka naye nje. Mabibi wa makarani waliorudishwa makwao, sijaona hata mmoja aliyeitwa tena.

Nikamkimbilia Mama Msengi. "Mwonyeshe shamba," akasema.

"Mama, atasema nimemdanganya na nimemwaibisha."

"Haya, ficha. Lakini ndege wanakuja, mwanangu. Bondeni wamekwisha kuingia. Utawafukuzaje? Uwele haulindwi kwa kunong'ona."

Ninyi mnaolima uwele mnajua. Mtu hukaa juu ya dungu la miti katikati ya shamba tangu alfajiri, anapiga debe na kupaza sauti. Akinyamaza nusu siku, masuke yanabaki matupu. Wanawake wa hapa nazijua sauti zao zote sasa, kila mmoja na shamba lake. Yangu ni ya mgeni, na ofisi ya mgodi iko ng'ambo ya kilima tu. Nikipaza mara moja, mume wangu atainua kichwa kwenye vitabu vyake, ajue ni mimi. Labda ataona haya mbele ya wakubwa wake na wachimbaji, anipandishe lori la kwanza. Au labda, Mungu akipenda, atapanda kilima kutazama, akione chakula cha wanawe kimesimama.

Nikikaa kimya, ndege watakula, nasi tutaondoka, na yeye hatajua kamwe kwamba njia ilikuwapo.

Dungu Mama Msengi amekwisha kunijengea. Ndege hawatakawia. Mama zangu, dada zangu, niambieni mapema mlionitangulia katika ndoa: nipande dunguni nipige kelele, au ninyamaze?